Mlango wa Padri na Jeneza

Ultan Keaveney alifika na gari lake la useremala baada ya chai ya asubuhi, akazunguka nyumba mpaka uani, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama anavyoingia kila mtu katika kitongoji cha Cloonarra.

"Mungu awabariki mliomo," alisema, ingawa aliyemo alikuwa mmoja tu.

"Na wewe pia," alijibu Attracta Gaffney. "Kaa unywe chai kwanza. Mlango hauendi popote."

"Si ulishaenda, Bi Attracta? Ndiyo maana nimekuja."

Ultan ndivyo alivyo, ulimi wake hauna breki. Lakini safari hii alijisikia mwenyewe, akakiinamia kikombe.

Mwezi ulikuwa haujaisha tangu Malachy, kaka yake Attracta, akutwe kwenye sakafu ya chumba cha mbele, kichwa kimepasuka, fremu ya mlango imechanika vipande, na kopo la biskuti walimokuwa wakiweka akiba limetoweka. Attracta hakuwepo. Alikuwa amelazwa mjini Sligo kwa upasuaji wa jicho. Aliyemkuta Malachy ni Festus Tansey, jirani wa ng'ambo ya shamba, alipopitia asubuhi kuleta maziwa. Malachy alikufa hospitali bila kutamka neno. Mlango wa mbele ulikuwa umegongelewa mbao, kwa hiyo jeneza likapelekwa moja kwa moja kanisani, na marehemu hakupata hata heshima ya kutolewa nyumbani kwa mlango wa mbele. Hilo lilimuuma Attracta kuliko kopo na vyote vilivyokuwemo.

Maana huko kwao mlango wa mbele si wa kuingilia. Hupakwa rangi, hung'arishwa kengele, halafu haufunguliwi. Ni wa padri akileta komunyo, na wa jeneza likitoka. Siku hizi hata padri, kijana wa kisasa, hupita nyuma kama watu wengine. Mlango wa akina Gaffney ulifunguliwa mara ya mwisho siku alipotolewa mama yao, na baada ya hapo ukakomewa, ukasahaulika, nguo kuukuu zikasokotwa chini yake kuzuia upepo.

Ndiyo sababu polisi walipouliza, kitongoji kizima kilijibu kwa mdomo mmoja: ni wageni. Ni watu wa mbali, wa kule kwenye barabara kuu. Nani wa hapa ahangaike kuvunja mlango wa mbele, na wa nyuma haufungwi hata siku moja? Askari mwenyewe alikuwa mzaliwa wa upande huo. Aliona hoja imenyooka, akafunga mjadala.

"Na huu wa nyuma je?" Ultan aliuliza, akiutazama mlango aliopitia. Ulikuwa unashikwa na kilimi cha chuma cha kunyanyua kwa kidole gumba, basi. "Ufunguo wake uko wapi?"

"Ulipotea enzi za bibi yangu."

"Basi nikuwekee komeo. Ninalo moja kwenye gari."

"Usiuguse. Niwafungie majirani, halafu watu waseme nini? Kwamba Attracta Gaffney anawashuku? Wanakuja kila jioni kumwombea Malachy, niwasimamishe mvuani wabishe kama wakusanya kodi?" Alimwongezea chai kwa hasira kidogo. "Hata Festus kaniambia. Ukianguka, dada, nitaingiaje?"

"Haya. Nyumba ni yako. Tutaweka chuma mbele, na nyuma tuweke imani."

Akaenda kazini. Mlango wenyewe ulikuwa mzima, mbao nzito za zamani, na Ultan aliupapasa kwa mapenzi kama mtu anayepapasa farasi. Ugonjwa ulikuwa kwenye fremu. Alipong'oa ule mwimo uliochanika, ubao wa kusimama wa fremu, alimwita Attracta aje aone: nyuma yake kulikuwa na uwazi wa kuingiza mkono kati ya ubao na ukuta wa mawe, na bawaba zilikuwa zimeshikiliwa na skrubu fupi kama kucha.

"Watu wananunua vitasa vya bei mbaya," alisema, "halafu wanavifunga kwenye ubao usioshikwa na kitu. Mlango hauvunjiki, mama. Inayovunjika ni fremu."

Akakata miimo mipya ya mwaloni, akaujaza kabari na saruji ule uwazi wote, akatoboa mpaka ndani ya mawe na kukaza skrubu ndefu kama kalamu mpya. Juu ya mwimo wa upande wa kitasa akapigilia bamba la chuma kutoka juu mpaka chini. Aliweka bawaba nzito, akaunyanyua mlango uliokuwa umelegea miaka na miaka, akaweka kizingiti kipya cha chuma chini yake kisiingize upepo wala maji. Attracta alikaa kwenye kiti cha jikoni, mlango wa kati ukiwa wazi, akasikiliza keekee ikilia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia kidogo salama. Alianza hata kuwaza supu ya jioni.

Ndipo Ultan akaja na komeo la zamani mkononi.

"Hili bado zima kabisa. Nikuwekee tena au nitie jipya?"

"Tia jipya."

"Sawa." Aligeuzageuza kile chuma. "Ajabu lakini. Fremu imekuwa kuni, na hili halina hata mkunjo. Skrubu zake zimenyooka, na tundu lake halikutanuka. Au Malachy alisahau kukomea?"

Alisema tu, kama mtu anavyosema kuhusu mvua, akalitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akarudi kwenye nyundo yake. Lakini Attracta alibaki na sufuria mkononi. Malachy hakusahau kukomea, kwa sababu mlango ule haukufunguliwa ili ukomewe. Ulikuwa umekomewa tangu siku ya mama. Na komeo halivutwi kutoka nje. Kama halikupinda, basi kuna mtu alilivuta akiwa ndani ya nyumba, na fremu ikavunjwa baadaye, mlango ukiwa tayari wazi, ili ionekane vile ilivyoonekana. Na kama mtu huyo alikuwa ndani kabla ya mlango wa mbele kufunguliwa, aliingia kwa nyuma. Alinyanyua kilimi kwa kidole gumba.

Hofu ilimshika. Alijaribu kuifukuza. Pengine ni Malachy aliyefungua mwenyewe, akamfungulia mgeni aliyebisha. Lakini Malachy nyonga zilikuwa mbovu, na komeo lile lilikuwa na ukaidi wake. Kwa jinsi mlango ulivyokuwa umelegea, lilibanwa mpaka lisisogee. Ilibidi uegemeze bega la kushoto kwenye ubao, uchomeke ncha ya kiatu chini ya mlango, uunyanyue, ndipo livutike. Mama yao aliwafundisha hivyo wakiwa wadogo. Malachy alikuwa hawezi tena kusimamia mguu mmoja.

Mchana Festus Tansey alikuja, kama kawaida yake. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa miaka sitini na kitu, aliyefanya kazi za ujenzi Uingereza mpaka alipozeeka akarudi kwenye shamba la baba yake. Hakuwepo siku alipozikwa mama yao, alituma kadi. Tangu Malachy afe hakukosa hata siku moja. Alileta maziwa, alileta dawa, alibeba mboji kavu ya kinamasi wanayowashia jiko.

"Mungu awabariki mliomo. Lo, Ultan, umejenga gereza."

"Gereza lina mlango wa nyuma wazi," Ultan alijibu kutoka chumba cha mbele. "Mwenye nyumba hataki kuwaudhi wafungwa."

Festus alicheka, akavua koti. "Mwache dada yangu. Tunamlinda sisi." Halafu bila kuombwa akaanza kukusanya vipande vya fremu ya zamani na kuvitia motoni kimoja kimoja. Kuni kavu zile zilishika moto upesi. "Mbao zenye huzuni hazifai kukaa ndani," alimwambia Attracta kwa upole. "Nitabeba na hiyo ndoo ya vyuma. Usijisumbue."

Attracta alishukuru. Alijilaumu hata. Huyu mtu anambebea kuni, na yeye kichwani anapekua majirani mmoja mmoja kama anayetafuta chawa.

Ultan alimaliza giza lilipoanza kuingia, na Novemba giza halichelewi. Alitoka kupitia nyuma akazunguka mbele kuujaribu mlango. Kutoka ndani walimsikia akiupiga bega, kisha teke, kisha mateke mawili yenye roho mbaya. Vikombe havikutikisika kabatini.

"Mnaona?" alipaza sauti kutoka nje. "Njoo na shoka, njoo na mtaimbo, utalala huku nje. Nifungulieni sasa, mvua hii."

Festus ndiye aliyekuwa karibu. Alikwenda mlangoni na kikombe mkono mmoja, akizungumza habari za bei ya nyasi, na bila kufikiri akaegemeza bega lake la kushoto kwenye ubao na kuchomeka ncha ya buti chini ya mlango. Kizingiti kipya kilimzuia. Buti likagonga chuma, ko. Akalivuta komeo, likateleza lenyewe, mlango ukafunguka.

"Huna haja ya kuunyanyua tena," Ultan alisema akiingia huku anajipangusa mvua. "Nimeshaupandisha. Mtoto anaufungua kwa kidole."

"Naona, naona," alisema Festus.

Aligeuka. Attracta alikuwa amesimama kwenye mlango wa kati na taulo la vyombo mikononi. Walitazamana. Festus alitabasamu tabasamu lake lilelile, akanywa chai yake yote kwa mkupuo, na Attracta akashusha macho kwenye taulo, akaanza kulikunja, akalikunja mpaka likawa dogo halikunjiki tena.

Mlango ule haukufunguliwa tangu siku ya mama, na siku ile Festus hakuwepo; ujanja wa bega na buti alijifunza lini? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata sasa, akiwa anajua, aliona aibu. Atasemaje? Atamwambia Ultan kwamba jirani amejulikana kwa buti? Ultan alikuwa anafunga vyombo vyake, patasi, misumeno, keekee, akiimba puani. Attracta alimfuata mpaka gari lilipo, shali kichwani.

"Ultan. Lile komeo ulilosema. La nyuma. Niwekee."

"Sasa hivi?" Ultan alicheka. "Asubuhi ulinifukuza kama mwizi."

"Nimebadili mawazo."

"Nililokuwa nalo nimelitumia mbele, na skrubu zimekwisha zote. Alhamisi nitapita. Majirani wamekuudhi nini tena?"

Alifungua mdomo. Nyuma yake mwanga wa tochi uliangukia matope, na Festus akawa amesimama pale na ile ndoo ya vyuma chakavu mkononi.

"Utapata baridi, dada," alisema. "Na jicho lako hilo. Ingia ndani."

"Alhamisi basi," Ultan alisema, akawasha gari. Attracta aliziangalia taa nyekundu zikishuka kilima mpaka ukuta wa mawe ukazimeza. Alijua alipaswa kupanda lile gari. Miguu ndiyo ilikataa, kwa sababu mwanamke hapandi gari la seremala jioni na kuacha majirani waje kwenye nyumba tupu kusali.

Kilichomwokoa kwa saa ile ni hao majirani wenyewe. Walikuwa wakifika kwa rozari ya jioni, kama desturi mpaka misa ya kutimiza mwezi tangu marehemu afe ipite. Mbele alikuwa Concepta Beirne, mwenye nyumba ya kwenye njia panda, mkate wa soda umefungwa kitambaa. Walijaa jikoni, wakauona mlango mpya, wakausifu, wakapiga magoti wakiegemea viti. Festus aliongoza fungu la kwanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, isiyo na haraka. Attracta aliitikia pamoja na wengine, na kila alipoitikia alisema moyoni: wakimaliza, nitabaki naye. Wakimaliza, yeye huwa wa mwisho kutoka.

Waliposimama na kuanza kutafuta makoti, alimshika Concepta mkono.

"Msiondoke. Nina neno."

Walitulia. Akalisema. Hakulipamba. Alisema komeo halikupinda, alisema habari ya bega na buti, alisema aliyemuua Malachy aliingia kwa mlango huu wa nyuma na kutoka kwa ule wa mbele, na kwamba yuko humu ndani, na ni Festus Tansey.

Hakuna aliyemtazama Festus. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye. Wote walimtazama yeye, na machoni mwao hamkuwa na mshangao bali huruma, ile huruma anayotazamwa nayo mtu aliyetoka nje na nguo ya ndani.

"Attracta mpenzi," alisema Concepta taratibu. "Ni wageni waliovunja. Mlango wa mbele huo. Nani wetu angeingia mbele?"

"Hakuingia mbele. Ndiyo ninachowaambia."

"Lete basi hilo komeo tulione," alisema mzee mmoja, si kwa ubaya.

Attracta alitazama jiko. Fremu ilikuwa majivu. Ndoo ilikuwa imeshaondoka uani, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Festus alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, macho yana maji. Pengine yalikuwa machozi ya kweli, nani ajuaye. "Simlaumu," alisema. "Mimi ndiye niliyemkuta kaka yake. Ni lazima sura yangu imtishe. Kama ananiogopa, acheni nitoke niende kwangu, na sitakanyaga tena hapa."

"Usiseme hivyo, Festus," walisema watu watatu kwa pamoja, na wanawake wawili wakampapasa mkono.

"Nichukue kwako leo," Attracta alimwambia Concepta. Alishindwa kuizuia sauti yake. "Nilale hata kwenye kiti."

"Na huyo mgonjwa wangu kule nyumbani anayekohoa usiku kucha? Na hilo jicho bichi? Utalala kitandani mwako, umeze ile dawa ya daktari, na asubuhi nakuja na mayai. Tumekubaliana?" Akambusu shavuni. "Mlango wako sasa hata jeshi haliuvunji. Umesikia alivyosema Ultan."

Wakatoka wote pamoja, Festus katikati yao, ameshikwa bega kama mfiwa. Attracta alisikia milango ya magari, sauti za kuagana, kisha hatua za wanaorudi kwa miguu zikipungua. Alisukuma meza mpaka kwenye mlango wa nyuma, akapandisha viti juu yake. Halafu akasimama jikoni katikati na kuona jinsi ilivyo. Huku mbele, mwaloni, mawe na chuma. Huku nyuma, meza ya kulia mkate.

Dawa hakumeza. Alikaa kiti cha Malachy, shali mabegani, akisikiliza mvua. Moto ulikuwa haujashuka bado alipozisikia buti uani, hazinyati wala hazikimbii, buti za mtu anayekuja kwa jirani.

"Mungu awabariki mliomo," Festus alisema nje. Kilimi cha mlango kilinyanyuka. Mlango ukagusa meza, ukasimama. "Attracta. Tuzungumze, dada. Umeniaibisha mbele za watu, lakini sina kinyongo. Ondoa meza."

Meza ilisogea kidogo kwenye vigae, kisha kidogo tena, bila pupa.

Attracta aliondoka akiwa na soksi tu miguuni. Alipita mlango wa kati, akapita mahali alipoangukia Malachy, akaweka kidole kwenye komeo jipya. Liliteleza kimya kama siagi. Maisha yake yote hakuwahi kuupita mlango ule kwa miguu yake. Alikuwa ameujua kama njia ya kutolewa, na wa kumtoa wameshakwisha. Alitoka, akauvuta nyuma yake. Ndani alisikia kiti kikianguka, kisha sauti ya Festus, pole kama ya mtu anayemwita paka, ikitaja jina lake chumba baada ya chumba.

Mvua ilikuwa baridi na barabara ilikuwa nyeusi. Soksi ziliroa kabla hajafika getini. Taa ya kwanza mbele yake ilikuwa ya nyumba ya Festus. Ya pili, kule njia panda, ya Concepta, na atakapoingia kwake ameroa hivi, Concepta atampa taulo na kikombe cha chai, kisha atamtumia mtu Festus aje amchukue. Zilizobaki zilikuwa za wale waliomtazama kwa huruma. Milango yao ya nyuma ilikuwa wazi yote usiku ule, kama siku zote, na Attracta Gaffney alisimama katikati ya barabara asijue aingie upi.